Niliyachonga Mimi

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Bupe tulimwacha ameinama. Kama wewe ni msomaji wetu wa kila wiki, unakumbuka: amechuchumaa mbele ya duka lake la matairi pale Tabata, kidole cha shahada kiko ndani ya mfereji wa tairi, na uso umempauka. Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza, sogea, nafasi ipo. Ni habari ya mwanamke, mwanaume aliyemwacha, na matairi mawili mapana.

Matairi aliyaleta Rogers. Rogers huyu aliishi na Bupe miaka saba, wakapata mtoto mmoja wa kike, Atupele, kisha jioni moja akaaga anakwenda kununua vocha na hakurudi tena. Sasa amerudi, lakini kwa mambo yake. Amekuja na gari jekundu la michezo, la milango miwili, linalonguruma kana kwamba lina ugomvi na mtaa mzima. Ndani yake ameketi Loveness, karani wa ofisi moja ya Kinondoni, ambaye atafunga naye ndoa mwezi ujao.

Shida ya gari, alisema Rogers, iko nyuma. Akikanyaga mafuta kwenye kona, mkia unakwenda kivyake. Juzi nusura wapande ukingo wa barabara, yeye na mchumba wake. Washikaji wakamwambia dawa ni upana. Toa ya milimita mbili ishirini na tano, weka ya mbili sitini na tano, gari litashika lami. Akayatafuta hayo mapana mpaka Mbagala, akayakuta yanang'aa, akayabeba. Kilichobaki ni kuyafunga, na mashine isiyokwaruza rimu iko kwa Bupe.

Bupe akayapapasa kama anavyopapasa kila tairi linaloingia kwake. Mwisho wa mfereji, kidole kikakutana na kikulabu. Kikulabu kidogo kinachopinda kushoto.

Wiki iliyopita sikuwaambia kilichompausha. Leo nasema. Mkono uliochonga mfereji ule ulikuwa wake.

Ile mistari ya juu ya tairi, inayopitisha maji na kushika barabara, mafundi huiita kashata. Kashata ikiisha, tairi ni kipara, na tairi kipara linafaa kuoteshea mchicha. Lakini wapo watu wanaochukua kipara, wakakichonga mistari upya kwa kisu cha moto, wakakipaka dawa nyeusi, wakakuuzia unacheka. Chini ya mistari hiyo mpira umebaki mwembamba kama ganda la kitunguu. Chini ya mpira ni nyaya.

Kila mchongaji ana mwandiko wake. Bupe ni mashoto, na kila anapomaliza mstari mkono wake huvuta kidogo upande wa kushoto kabla hajainua kisu. Hicho ndicho kikulabu. Angekitambua hata gizani.

Alichonga miezi mitatu, mwaka juzi, baada ya Rogers kwenda kununua vocha. Alikuwa na mtoto, hakuwa na kazi, na kila mlango aliobisha ulikuwa na jibu. Matar, mfanyabiashara wa zamani wa Mbagala mwenye yadi ya matairi ya mtumba, hakumwuliza maswali. Alimpa kisu na kigoda nyuma ya makontena. Mapana hayakuwa na wateja siku hizo, yakachongwa na kupangwa kando yasubiri mjinga wake. Hebu fikiria mwenyewe. Rogers asingeondoka, matairi yale yasingechongwa. Aliyachongesha yeye, na ameyanunua yeye.

Bupe alipopata nguvu alikimbia kazi ile kama mtu anayekimbia nyumba inayoungua. Akafungua duka lake, akaandikisha ubao mkubwa juu ya mlango: TAIRI LA KUCHONGA HALIINGII HAPA. Ubao huo ndio uliomlisha. Madereva wa Tabata walimwamini kwa sababu ya ubao, na aliyejua kilichokuwa nyuma ya ubao alikuwa mtu mmoja tu, fundi wake Mbwana, waliyetoka naye Mbagala.

Sasa tuendelee.

Rogers alimwona hajatoa kidole mferejini, akauliza kama tairi hizi zina tatizo.

"Matairi haya siyafungi," alisema Bupe.

"Tairi hizi," Rogers akamrekebisha, huku akicheka. Ulikuwa utani wao wa zamani, utani uliooza. Baba yake Bupe alikuwa mwalimu wa Kiswahili huko Tukuyu, na aliwachapa wanawe kwa kosa la kusema tairi hizi badala ya matairi haya. Gereji zote za Dar zinasema hizi. Bupe peke yake anasema haya. "Bado una Kiswahili cha ubaoni. Haya, mwalimu, kwa nini huyafungi?"

Hapo ndipo palipotakiwa neno moja. Kwenye benchi walikaa madereva watatu wa bajaji wakisubiri kuzibiwa pancha. Mbwana alikuwa amesimama na spana. Na juu ya vichwa vyao wote ulining'inia ule ubao. Kama Bupe angesema yamechongwa, Rogers angeuliza amejuaje, maana dawa ilipakwa vizuri na macho ya kawaida hayaoni kitu. Angejibu nini?

Basi akalimeza neno, akasema ukweli nusu.

Alimwambia kwamba upana peke yake haushiki kitu. Tairi pana husaidia kwenye lami kavu, kama mpira ni mzima na rimu inalitosha. Huu ni mwezi wa masika. Tairi pana ambalo kashata yake haina kina, likikuta maji hupanda juu ya maji na kuelea, na hapo usukani unakuwa mwepesi kama wa gari la kuchezea na breki haisikii. Arudishe yale membamba yaliyotoka na gari, au kama moyo wake uko kwenye mapana, anunue mapya.

Alisema vizuri. Mwanafunzi mwenye akili angeelewa. Lakini anayeambiwa alikuwa Rogers, na anayesema alikuwa mwanamke aliyeachwa naye.

"Kashata si hizi hapa," Rogers alisema, akaingiza kidole chake mwenyewe mferejini. Kisha akageukia benchi. "Mnaona, wazee? Mwanamke ukimwacha anaona wivu mpaka na tairi."

Benchi likacheka. Mmoja wao akasema, "Mwache achonge, braza, uchungu huo."

Bupe alishtuka kana kwamba ameshikwa. Kumbe dereva wa watu alimaanisha mwache aongee. Mtaani mtu akisema sana huambiwa anachonga.

Loveness akashuka garini. Ni msichana wa miaka ishirini na sita, mpole, mwenye adabu zake. Akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, dada Bupe."

Ilikuwa heshima tu. Lakini shikamoo inayotoka kwa mwanamke aliyechukua nafasi yako huwa na mfupa ndani. Bupe ana miaka thelathini na sita, na asubuhi ile alijisikia bibi. Akaitika marahaba. Alimtazama yule binti, akatazama gari, akamtazama Rogers ambaye bado alikuwa anacheka na watu wa benchi. Kitu kikamchoma kifuani.

"Mbwana," akasema. "Mfungie."

Mpenzi msomaji, nakufahamu. Unataka nimtetee, niseme alichanganyikiwa, niseme shetani alimpitia. Simtetei. Bupe alijua anachokifanya. Alijua kuliko mtu yeyote Dar es Salaam nzima, kwa sababu alikitengeneza yeye.

Mbwana alipitisha kidole mferejini, akamwangalia bosi wake. Kisha akayavua yale membamba, akayapandisha mapana, akajaza upepo, akakaza nati. Gari liliposhuka kwenye jeki lilikaa kifua wazi. Lilipendeza, hilo lazima niseme. Rogers alilizunguka mara tatu akilipiga picha.

Alipokuwa huko nyuma na simu yake, Bupe alisogea kwenye dirisha la Loveness, aliyekuwa amerudi garini. Dhamiri yake haikuwa imekufa, ilikuwa imelala. Akamwambia kwa sauti ya chini: mvua ikinyesha usipande gari hili, litawaua.

Loveness alibadilika rangi. Rogers aliporudi akamwona, akamwuliza ameambiwa nini, naye akamweleza. Rogers akamnong'oneza kitu sikioni, akatia gari moto. Bupe hakusikia alichonong'onezwa. Wewe weka akilini kwamba alinong'onezwa, tutarudi hapo.

Wakaondoka. Jua lilikuwa linawaka.

Saa nane mawingu yakafunga upande wa Segerea. Saa nane na nusu ikaanza mvua ya masika, ile isiyopiga hodi. Dakika kumi tu mtaro wa mbele ya duka ulikuwa umefurika na maji ya rangi ya chai yanapita barabarani. Bupe alikuwa na sahani ya wali mbele yake tangu saa saba, hajaigusa. Alijiambia mwanawe yuko salama. Atupele anasoma Kinyerezi, hukohuko wanakoishi, saa tisa wanatoka, na kila siku mama wa jirani humchukua pamoja na wa kwake wakarudi kwa miguu, ni mwendo wa dakika tano. Wasiwasi wake haukuwa hapo. Ulikuwa kwa binti wa watu aliyempigia goti.

Mbwana alikuja akakaa kwenye tairi mkabala naye, akawa anajifuta mikono na tambara.

"Mama Atu," alisema, "mkono ule naujua."

Bupe aliisukuma sahani kando.

"Kikulabu cha kushoto. Tulikuwa wachongaji sita pale kwa Matar, na mashoto ulikuwa wewe peke yako."

"Kwa nini ulizifunga basi?" Alisema ulizifunga badala ya uliyafunga, mtoto wa mwalimu, kwa mara ya kwanza maishani.

"Uliniambia nimfungie." Mbwana aliangalia tambara lake. "Mie nikajua ndo unachotaka."

Maneno hayo yalimwingia Bupe kama msumari. Akataka kukasirika, akakosa pa kukasirikia. Maana ilikuwa kweli. Kwa muda mfupi, kati ya shikamoo ya Loveness na kicheko cha Rogers, ndicho alichokitaka. Alitaka mtu aumie kama alivyoumia. Alijichukia pale alipokaa, na machozi yakaanza kumtoka, machozi ya hasira, ambayo hayamfutii mtu kitu.

Alisema akipiga simu kueleza, duka limekwisha. Rogers atauambia mtaa mzima. Kesho hakuna dereva atakayesimama hapa.

"Duka litakufa, sawa," Mbwana alisema. "Na huko barabarani?"

Bupe akachukua simu. Alimpigia Rogers mara nne, na mara nne simu ikakata kabla haijaita. Rogers alikuwa amemfungia namba tangu mwaka jana. Humfungulia akiwa na shida yake. Ya Loveness hakuwa nayo. Akasimama mlangoni, simu mkononi, maji yanamrukia miguuni, hajui ampigie nani.

Ndipo simu ikaita yenyewe. Namba ngeni.

Mvua ilikuwa inapiga bati kama kokoto, na nyuma yake kompresa ilikuwa inajaza upepo kwa kelele. Aliziba sikio moja.

"Shikamoo, dada. Ni Loveness. Namba yako nimeikuta kwenye picha ya duka aliyopiga Rogers."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Rogers kashuka mara moja, nataka nikuulize kabla hajarudi." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebeba jambo kutwa nzima. "Dada, sijala tangu asubuhi. Naomba unijibu kama mwanamke mwenzangu. Yale ya asubuhi ni ya kweli, au yamechongwa?"

Bupe alishika mwimo wa mlango. Neno lenyewe. Alilolimeza mbele ya watu watatu wa bajaji, sasa linamrudia kwenye simu.

"Nani kakwambia yamechongwa?"

"Rogers. Aliniambia palepale dukani. Kasema yamechongwa hayo, na aliyeyachonga ni wewe."

Kwa hiyo Rogers anajua, Bupe akawaza. Anajua, na bado anaendesha. Labda Matar alimwambia. Labda alikuja nayo kusudi, kumdhalilisha na kazi ya mikono yake mwenyewe. Lakini kama siri imetoka, basi hapakuwa na cha kulinda tena, wala duka wala ubao. Ajabu ni kwamba alisikia nafuu. Alivuta pumzi na kusema kwa sauti kubwa, ili mvua isimeze hata herufi moja.

"Ni kweli, mdogo wangu. Yamechongwa. Niliyachonga mimi mwenyewe. Nilikuwa na uchungu na Rogers, nikaogopa kusema mbele za watu. Nisamehe."

Loveness akashusha pumzi ndefu, na alipozungumza sauti ilikuwa imelainika.

"Nimekusamehe, dada. Tena nakushukuru. Si kila mtu ana moyo wa kukiri maneno kama hayo."

Umesikia, msomaji? Maneno.

Bupe hakusikia. Kompresa ilikuwa inanguruma. Yeye alikuwa anazungumzia matairi, na matairi ni yale, haya, yamechongwa. Loveness alikuwa anauliza habari za maneno, kama yalitungwa kwa wivu, na maneno nayo ni yale, haya, yamechongwa. Kiswahili safi cha mwalimu wa Tukuyu, hakina kosa hata moja. Angezungumza kama watu wa gereji, akasema zimechongwa, msichana yule angeuliza ni nini hizo. Hakusema. Tangu simu ilipoanza, neno matairi hakulitaja hata mara moja.

"Basi hampandi tena?" aliuliza Bupe.

"Ngoja nimfungulie mtoto mlango kwanza, kalowa."

"Mtoto gani?"

"Si Atupele. Tumekuja kumchukua shuleni, Rogers anataka akajaribu gauni la harusi. Mie nilimkatalia asipande mpaka nikuulize wewe. Kasimama mlangoni na mwamvuli, masikini." Ukasikika mlango wa gari ukifunguliwa, mvua ikaingia ndani ya simu, kisha mlango ukafungwa. "Huyu hapa, msalimie. Ulinitia hofu bure, dada, nikamsumbua mtoto wa watu."

"Loveness, subiri. Loveness, mshushe."

Lakini simu ilikuwa imeshabadilisha mkono.

"Shikamoo, mama," alisema Atupele. "Niko nyuma. Kiti ni kidogo ila natosha. Mama, umeona matairi? Baba kasema haya ni mapana, hayatelezi."

Alisema haya. Bupe ndiye aliyemfundisha.

"Atu, shuka. Shuka sasa hivi, mwambie anti afungue mlango, shuka..."

Mlango mwingine ukafungwa kwa kishindo. Ikasikika sauti ya Rogers ikiuliza nani huyo kwenye simu, na ya Loveness ikimjibu kwa furaha kwamba yamekwisha, dada Bupe amekiri yote. Injini ikanguruma. Kisha simu ikakatika.

Bupe alipiga. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Mbwana alikuwa ameshazima kompresa na kutoka mbio kwenye mvua kumsimamisha mwenye pikipiki, yeyote yule, awapeleke Kinyerezi. Bupe alisimama chini ya ubao wake akibonyeza namba ileile kwa kidole kilekile. Alikuwa anaiona njia nzima kichwani, ule mteremko, na pale chini kabla ya daraja ambapo maji hukusanyika yakawa kama bwawa. Rogers huwa hapunguzi mwendo pale. Hakuwahi kupunguza hata walipokuwa na lile gari bovu la zamani.

Mara ya tano. Mara ya sita. Mara ya saba alianza kumwomba Mungu kwa Kinyakyusa, lugha ambayo hakuwa ameitumia kuomba tangu mama yake afe.

Mara ya nane ikapokelewa.

"Atu?"

Ilisikika mvua, na nyuma ya mvua watu wengi wakiongea kwa pamoja. Aliyejibu alikuwa mwanaume, na sauti yake Bupe hakuwahi kuisikia.

"Halo, mama. Samahani. Wewe ni nani yake mwenye simu hii?"